Acheni Kupaka Kijivu Nyumba za Bukoba

Ukitaka kuuza nyumba Bukoba siku hizi, ushauri wa kwanza hautahusu hati, mpaka wala paa. Utaambiwa upake rangi. Ukiuliza rangi gani, dalali ana jibu mdomoni: nyeupe, au kijivu kile chepesi cha nyumba za Mbezi na Bunju, Dar es Salaam. Fundi rangi atamuunga mkono, kazi ni kazi. Mwanao aliyeko Dar es Salaam atakurushia picha za sebule za kijivu ambazo hata yeye hajui ziko nchi gani. Na wote watakupa hoja ileile: rangi isiyo na upande haimkwazi mtu, inafanya chumba kionekane kikubwa na kipya, na fedha utakayoitia kwenye ndoo itarudi kwenye bei pamoja na faida yake.

Kwa nyumba ya Kashai au Hamugembe mjini Bukoba, au ya Kamachumu au Nshamba wilayani Muleba, ushauri huo ni mbovu. Unamlia muuzaji fedha, unamtia mnunuzi shaka ambayo hakuja nayo, na mara nyingine unamsogeza muuzaji hadi ukingoni mwa udanganyifu. Sisemi nyumba iuzwe na masizi yake. Nasema rangi ya nyumba inayouzwa huku kwetu ina kazi moja, kumwonyesha mnunuzi ukuta, na kijivu kilichopakwa wiki moja kabla ya mteja kufika kinafanya kazi ya kinyume.

Ushauri wenyewe una kwao. Mwaka 2017 kampuni ya Marekani ya Zillow, inayotangaza mtandaoni nyumba zinazouzwa, ilichambua picha zipatazo 32,000 za nyumba zilizouzwa nchini humo, ikatangaza kwamba zenye bafu la samawati zilipata wastani wa dola 5,440 zaidi ya bei iliyotarajiwa. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya milango: mlango wa mbele mweusi au wa rangi ya makaa, dola 6,271 zaidi. Takwimu za aina hiyo husafiri haraka. Zikifika Bukoba zimeshachujwa, samawati imeanguka njiani, limebaki neno moja tu, kwamba rangi huuza. Kichekesho ni kwamba katika uchambuzi uleule wa 2017, nyumba zenye bafu jeupe ziliuzwa chini ya bei iliyotarajiwa. Wanaohubiri weupe kwa jina la utafiti wa wazungu hawakuusoma.

Tuseme waliusoma. Aliyepaka bafu lake samawati safi kabla ya kuuza huenda ndiye pia aliyebadilisha bomba linalovuja na kupanga upya vigae. Picha haisemi ni lipi kati ya hayo lililomvuta mnunuzi. Lakini hilo dogo. Kubwa ni hili: Mmarekani anayenunua nyumba kwa kawaida humlipa mkaguzi wa kujitegemea apande darini, ashuke chini ya sakafu, apime unyevu, aandike ripoti. Katika majimbo mengi muuzaji hutakiwa kujaza fomu ya kasoro anazozijua. Benki inayotoa mkopo hutuma mthamini wake. Mpaka mume na mke waanze kubishana juu ya kijivu na samawati, habari za msingi na paa zimeshasemwa na watu wengine kwa maandishi. Rangi huko inabaki kuwa jambo la kupendeza macho, kwa sababu kazi nyingine za macho zimeshalipiwa.

Nyumba nyingi za Bukoba huuzwa bila benki wala mkaguzi, kwa fedha taslimu au kwa awamu mbili tatu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Ripoti ya nyumba ni ukuta. Mnunuzi anausoma kuanzia chini: mstari wa chumvi juu ya sakafu, mahali lipu ilipovimba, doa la kahawia pembeni mwa dari, ufa uliozibwa na ufa ulioachwa. Ukipaka kijivu kipya juu ya yote hayo umeichana ripoti, na unamwomba mtu akupe milioni zake kwa sababu karatasi sasa ni safi.

Na mnunuzi mara nyingi haji mwenyewe. Mwenye fedha yuko Dar es Salaam, Mwanza, Muscat au Ulaya. Picha ameziona kwenye WhatsApp na amezipenda. Anayetumwa kuja kuangalia ni mjomba, au baba mdogo, mtu aliyewahi kujenga, anayejua tofali la kuchoma lililounganishwa kwa udongo linavyokunywa maji. Mjomba huyu hasemi sana. Anaingia, anasalimia, anapigapiga ukuta kwa kidole cha shahada kusikiliza kama lipu imeachia. Anainama nyuma ya kochi. Anauliza kwa upole wote wa Kihaya, "Waitu, hii mmepaka lini?" Ukijibu "juzi", umeshapoteza kitu, na bei itakayotajwa jioni kwenye simu haitakuwa ile uliyoitegemea.

Tangu 2016 swali hilo limekuwa na uzito wa pekee. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba mwaka huo, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Waliobaki na nyumba zilizosimama walibaki pia na nyufa, na wakajifunza kuzitofautisha, elimu ambayo hakuna dalali anayeitangaza. Ufa mwembamba kama unywele, unaotambaa juu ya lipu bila mpango, kwa kawaida ni lipu iliyokauka haraka, hauna neno. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha unauliza habari za lenta. Ufa unaopanda kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali, unazungumzia msingi, na huo ndio wa kumfanya mtu aombe kiti akae.

Sasa angalia rangi mpya inavyofanya. Inazifunika zote tatu sawasawa. Mnunuzi akiingia katika nyumba ya kijivu kisichokuwa na alama, hana njia ya kujua kama chini yake kuna unywele au ngazi. Mtu asiyejua hukadiria baya zaidi, na hupunguza bei kwa hilo baya. Anayeumia hapo ni muuzaji mwaminifu mwenye nyufa za unywele, kwa sababu amelipa mafundi wamfananishe na jirani yake ambaye msingi umekatika. Ushahidi uliokuwa upande wake ameufunika kwa fedha yake mwenyewe.

Kuna sheria pia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika kifungu cha 17, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo ambalo mtu analijua kuwa ni sehemu ya udanganyifu, na kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa nafasi ya kuukataa mkataba. Sheria hiyo haikatazi mtu kupaka nyumba yake. Lakini mwenye nyumba anayejua ufa wa ngazi upo, akamwita fundi auzibe kwa skimu na kuupaka mikono miwili siku tano kabla ya mteja, ajiulize atamwambia nini hakimu. "Nilikuwa naipendezesha" ni jibu, ila fundi aliyefanya kazi hiyo anakaa mtaa wa pili na anaweza kuitwa kutoa ushahidi.

Dalali atanijibu kwamba nimezidisha. Wengi hawafichi nyufa, wanataka tu chumba king'ae. Haya, tuzungumzie kung'aa.

Kijivu na nyeupe za dukani huchaguliwa chini ya taa, kwenye kadi ndogo. Kisha hupelekwa Maruku, Kamachumu au Rubya, kwenye nyumba iliyozungukwa na kibanja, yaani shamba la nyumbani, na migomba inaanza hatua chache kutoka dirishani. Mwanga unaoingia ndani umepita kwenye majani, kwa hiyo una ukijani. Ukuta mweupe hauna rangi yake ya kujitetea. Unaupokea ukijani huo na kuurudisha chumbani. Kijivu ndiyo kabisa. Katika siku ya mawingu, na pembeni mwa Ziwa Victoria siku za mawingu hazikosekani, sebule ya kijivu kwenye kibanja inageuka rangi ya ukuta uliolowa. Mnunuzi anaingia, anahisi ubaridi, anadhani kuna unyevu hata pale pasipo na unyevu. Umelipa ndoo tatu kumfanya mtu aamini nyumba yako kavu ina maji.

Dawa yake inajulikana na kila mtu aliyewahi kuchanganya rangi kwenye ndoo: wekundu na kijani humezana. Tone dogo la wekundu, au la njano yenye wekundu, ndani ya nyeupe linatosha kuuzima mwanga wa migomba. Krimu yenye joto, rangi ya maziwa, pichi iliyofifishwa sana, njano ya siagi ambayo huitambui kuwa ni njano mpaka uiweke karibu na karatasi. Hizi zinarudisha mwanga karibu sawa na nyeupe, na uso wa mtu aliyekaa chumbani unaonekana ni uso wa mtu mwenye afya. Nyumba nyingi za zamani za misheni na za watumishi wa serikali zilipakwa krimu, na wapakaji wake hawakuwa washamba.

Mjini kati, Bilele au Miembeni, hakuna migomba dirishani, ila kuna ukuta wa jirani na bati lake lililoshika kutu, na mwanga unaotoka huko una wekundu. Huko krimu ile ile inaweza kuonekana nzito, na nyeupe ikafaa zaidi. Ndiyo maana yeyote anayetaja rangi moja kwa nyumba zote za Bukoba, awe dalali au awe mimi, asisikilizwe kabla kipande cha ubao hakijapakwa rangi hiyo na kuegemezwa ukutani saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Ubao wa nusu mita unatosha. Kazi hiyo haimalizi hata kopo dogo.

Halafu kuna mvua. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma hupata chini ya theluthi moja ya hiyo. Aprili peke yake huweza kupita milimita 300. Udongo wetu ni mwekundu, na watu hutembea. Watoto huingia kutoka shambani, mzigo wa ndizi hushushwa ukumbini ukiegemezwa ukutani, mbwa hujikung'uta. Nyumba inaweza kukaa sokoni mwaka mzima kabla ya kupata mtu. Nyeupe ya Machi, ikifika Mei, ina ramani ya Afrika kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na hapo dalali atakushauri upake tena.

Wazee walikuwa na jibu la hili: mkanda wa damu ya mzee, rangi ya mafuta, kuanzia sakafu hadi usawa wa kiuno, na juu yake rangi ya maji nyepesi. Leo mkanda huo unaitwa ushamba, na ni kitu cha kwanza kufutwa nyumba inapoandaliwa kuuzwa. Mimi nautetea, kwa sharti moja. Kwenye ukuta mkavu ni kazi ya akili: unafutika kwa kitambaa, hauonyeshi udongo, na unafanya sehemu ya juu ionekane nyeupe kuliko ilivyo. Kwenye ukuta unaopandisha maji kutoka ardhini, na nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila nailoni wala kizuizi chochote juu ya msingi, rangi ya mafuta huyafungia maji ndani, kisha inavimba na kubanduka kama maganda. Kwa hiyo mkanda wa zamani uliokaa miaka kumi bila kubanduka ni cheti cha ukavu wa ukuta ambacho hakuna ofisi inayoweza kukitoa. Na huo ndio wanaokushauri uufute!

Kuufuta kwenyewe kuna hatari. Uchunguzi wa asasi ya AGENDA ya Dar es Salaam, ukishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, umekuta madini ya risasi katika baadhi ya rangi za mafuta zilizouzwa Tanzania, na kwa kawaida nyekundu na njano kali ndizo zinazokuwa nayo zaidi. Fundi anayepiga msasa mkavu kwenye mkanda wa miaka thelathini, milango imefungwa, watoto wakicheza ukumbini, anageuza rangi iliyokuwa imetulia kuwa vumbi la kuvuta. Ukilazimika kuuondoa, lowesha msasa, watoto wahamie kwa bibi yao, na vumbi lizolewe kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio. Ila mara nyingi hulazimiki. Uoshe kwa sabuni uone.

Wapinzani wangu wana hoja moja ambayo siwezi kuipita kwa kejeli. Nyumba ya mzee aliyefariki, iliyopikiwa kuni miaka mingi, yenye dari nyeusi na ukuta wa chumba cha vijana ulioandikwa mkaa, haipigwi picha ikamvuta mtu. Picha ndiyo mlango wa soko siku hizi. Asiyeipenda picha hamtumi mjomba. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba zipo rangi zinazofukuza watu. Chumba cha zambarau iliyokolea kinamfanya mgeni ahisi ameingia katika maisha ya mtu mwingine. Sebule ya kijani na njano itamfanya aulize kama ilikuwa ofisi ya chama. Ukuta wa mbele uliopakwa na kampuni ya simu kwa ahadi ya ndoo za bure utamfanya aulize kama kuna mkataba. Vitu hivi virekebishwe, wala sina ubishi.

Ubishi wangu ni kwamba kutoka hapo kuna hatua ndefu mpaka kupaka nyumba nzima rangi moja isiyosema kitu. Ondoa masizi, funika zambarau, acha vilivyo salama vionekane. Picha itavutia kwa usafi na mwanga wa dirisha lililofunguliwa. Mara nyingi kupunguza majani ya migomba miwili mitatu iliyosogea dirishani kunaangaza sebule kuliko ndoo ya rangi, na ndizi zake unakula.

Tufike Muleba, ambako ushauri wa kijivu unachekesha zaidi. Mjini Bukoba mtu hununua nyumba yenye kiwanja. Kijijini Muleba ananunua kibanja, na nyumba imo ndani yake. Anayekuja anatembea kwanza kwenye migomba aone kama mnyauko umeingia, anahesabu mibuni, anafuata emilamula, mimea ya mpakani, anauliza makaburi yako wapi na ya nani. Sebule ataiona mwisho, akiwa amechoka na anataka maji ya kunywa.

Na kinachovunja biashara huko kinajulikana hadi katika vitabu vya sheria. Mwaka 1988, wilayani Muleba, mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo, bei ilikuwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaupindua uamuzi huo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba ubaguzi huo haupatani na Katiba na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume wa ukoo. Mpwa aliachiwa nafasi aliyokuwa nayo mwanaukoo yeyote: kulikomboa shamba ndani ya miezi sita kwa kurudisha zile 300,000.

Nimeileta kesi hii kwa makusudi, ingawa wanasheria huitaja kwa sababu kubwa zaidi, haki ya mwanamke kuuza. Fikiria mnunuzi yule. Ametoa fedha, kisha anakaa miezi kumi na minane akisubiri kujua kama shamba ni lake, na hata baada ya hukumu anaambiwa asubiri mingine sita. Kila mnunuzi wa Muleba aliyekua akisikia habari za namna hiyo anakuja na maswali tayari. Ukoo umekaa? Muhtasari uko wapi? Mke amekubali, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 katika kifungu cha 59 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa? Kuna hatimiliki ya kimila au kuna maneno tu? Majibu ya maswali haya yanagharimu nauli, chai ya kikao, ada za ofisi na uvumilivu. Muuzaji mwenye bajeti ndogo anayezimaliza fedha kwenye ndoo za rangi, kisha anampokea mteja bila muhtasari wa ukoo, amepewa ushauri na mtu anayelipwa kwa asilimia na asiyekuwepo siku ya baraza.

Basi ningefanya nini? Ningengoja mvua ipungue, Juni hadi Agosti. Ningetengeneza bati na mifereji kwanza, kwa sababu rangi chini ya bati linalovuja ni sadaka. Nyufa za unywele ningeziacha au kuzigusa kidogo. Ufa wa kona ya dirisha ningemwita fundi mwashi aufungue, autengeneze vizuri, lipu mpya ikae wiki nne ikauke, na kila hatua ningeipiga picha pamoja na risiti ya nondo na sementi. Mahali hapo ningepaka ila ningemwonyesha mjomba kabla hajauliza: hapa palipasuka, hiki ndicho kilichofanyika, namba ya fundi hii hapa. Ukungu wa bafuni na wa nyuma ya kabati ningeuosha kwa maji ya jiki na kutafuta unakotoka. Kuupaka juu ni kuununulia koti. Utarudi Novemba pamoja na senene.

Kisha rangi. Sebule na ukumbi tu, mahali picha inapopigwa. Chumba cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, ukuta wa mita tatu, ukitoa mlango na dirisha kina kama mita za mraba 38. Kwa mikono miwili, lita moja ikifunika kama mita za mraba kumi, unahitaji karibu lita nane. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili na kubaki. Nyumba ya kawaida haihitaji zaidi ya ndoo moja ikiwa huna wazimu wa kupaka kila kitu. Krimu yenye joto kwenye kibanja, nyeupe iliyotiwa tone la njano mjini, isiyong'aa sana kwa sababu mng'aro unaonyesha kila wimbi la lipu. Mkanda wa chini ubaki kama ni mzima. Kama umebanduka, usiupake tena kwa rangi ya mafuta. Kwangua sehemu iliyoachia ukiwa umeilowesha, ukuta upumue kwa miezi ya kiangazi, upake rangi ya maji ya kahawia au ya udongo, na ueleze kwa nini.

Vyumba vya kulala nisingevigusa zaidi ya kuviosha, isipokuwa kile cha zambarau. Aliyenunua nyumba Bukoba ni nadra kuhamia bila kupaka rangi yake mwenyewe; mke ana mawazo yake, watoto wana yao, na rangi ya mwenye nyumba aliyetangulia haina heshima yoyote mbele yao. Kijivu chako kitadumu hadi wiki ya kwanza baada ya kukabidhi funguo. Kwa hiyo dalali akikukazania kwamba bila ndoo nyingine mbili nyumba haiendi, mwambie bei ya hizo ndoo mbili na ya fundi ipunguzwe kwenye bei ya nyumba, iandikwe hivyo kwenye makubaliano mbele ya mwenyekiti, na mnunuzi aende dukani akachague mwenyewe.